Barabara, Kahawa na Pamba: Mbio za Baiskeli za Siku Moja na Nchi ya Mlima Meru

Mbio za baiskeli za barabarani za siku moja ni mashindano ambayo waendeshaji wote huondoka pamoja, hupita barabara za kawaida zinazounganisha mji na mji, na mshindi wake hujulikana kabla ya jua kuzama, tofauti na mbio za hatua, yaani zile zinazogawanywa katika siku nyingi na ambazo mshindi wake hupatikana kwa kujumlisha muda wa siku zote. Mbio za namna hiyo hupata uzito wa kihistoria zinaporudiwa kila mwaka, katika majira yale yale na aghalabu kwenye barabara ile ile, hata kilima fulani au daraja fulani likapata jina kwa sababu ya yaliyowahi kutokea hapo. Kwa kipimo hicho, jiji la Arusha na nchi inayouzunguka Mlima Meru ni kisa cha ajabu kidogo, kwa kuwa lina miinuko ya kila namna, hewa nyepesi ya mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na watu waliozoea kupanda na kushuka tangu utotoni, ilhali sifa ya mbio hizo nchini Tanzania ilijengwa mbali na hapo, katika nchi tambarare ya Usukuma. Sababu yake haitafutwi mlimani. Inatafutwa katika historia ya barabara, ya mazao ya biashara, na ya wale waliohitaji mbio ili wapate kuuza kitu.

Haja ya kuuza ilikuwapo tangu mwanzo. Mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza kuunganisha mji na mji yalifanyika Ufaransa tarehe 7 Novemba 1869, kutoka Paris hadi Rouen, mwendo wa kilomita zipatazo 123, yakiandaliwa na jarida la Le Vélocipède Illustré pamoja na watengenezaji wa baiskeli waliotaka kuwathibitishia wanunuzi kwamba chombo chao kingeweza kusafiri. Mshindi alikuwa James Moore, Mwingereza aliyekulia Paris, na alitumia zaidi ya saa kumi njiani. Baada ya hapo zikaja mbio ambazo nyingi kati yake zipo mpaka leo: Liège–Bastogne–Liège ya Ubelgiji mwaka 1892, Paris–Roubaix mwaka 1896, Milano–Sanremo mwaka 1907 chini ya gazeti la La Gazzetta dello Sport, na mbio za Flanders mwaka 1913 chini ya gazeti la Sportwereld. Hesabu ya wenye magazeti ilikuwa nyepesi na yenye ujanja: mtu anayesimama kando ya barabara huwaona waendeshaji wakipita kwa muda usiozidi dakika chache, kisha hubaki na hamu ya kujua yaliyotokea kwingine kote, na hamu hiyo humpeleka kununua gazeti kesho yake asubuhi. Kwa hiyo tangu mwanzo mbio za siku moja zilikuwa nusu mchezo na nusu habari, na palipokosekana mtu wa kuinunua habari hiyo hazikudumu.

Upo pia uhusiano mwingine kati ya mbio hizo na Afrika, ambao vitabu vya michezo hupenda kuuruka. John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi lenye upepo mwaka 1888, mahitaji ya mpira yalipanda ghafla katika nchi za viwanda, na sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, ambako wanavijiji walilazimishwa kuukusanya kwa viboko, kwa kuwashika mateka wake zao na hata kwa kukatwa mikono. Waendeshaji walioshindana Liège katika muongo wa 1890 walipita juu ya tairi ambazo sehemu ya gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuwahi kuiona baiskeli. Afrika, basi, iliingia katika historia ya mchezo huu kama shamba la malighafi, kabla haijapewa nafasi ya kuwa mshindani.

Katika nchi ya Meru, baiskeli ilifuata nyayo za utawala na dini. Wajerumani walijenga boma la Arusha, lililokamilika mwaka 1900, kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa kufanya kazi baada ya kushindwa vitani. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ikafungua vituo vyake Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Na reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, ikasimama hapo kwa miaka mingi kabla ya kufikishwa Arusha mwaka 1929. Katika kipindi hicho cha katikati, kila kilichohitajika Arusha kilisafirishwa kutoka Moshi kwa mikokoteni ya ng'ombe, kwa wapagazi na baadaye kwa malori, kwenye njia iliyogeuka matope wakati wa masika na vumbi jekundu wakati wa kiangazi. Chini ya Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, baiskeli zilizotoka Uingereza zilianza kuonekana katika maduka ya Wahindi, na kama ilivyokuwa kwingineko Afrika Mashariki, wenye nazo wa mwanzo walikuwa wenye mshahara au cheo: makarani, walimu wa shule za misheni, wainjilisti na matarishi.

Umbo la ardhi liliamua mengi. Mlima Meru, wenye urefu wa mita zipatazo 4,566, hutiririsha mito yake upande wa kusini, miongoni mwao Themi, Nduruma na Usa, na kila mto umechimba bonde lake, hata vijiji vya Wameru na Waarusha vikakaa juu ya migongo mirefu inayoteremka kutoka msituni kuelekea tambarare. Mtu wa Ngiresi au wa Poli anayetaka kumtembelea ndugu yake aliye mgongo wa pili hana njia fupi ya magurudumu. Hushuka hadi barabara kuu, huifuata, kisha hupanda tena. Kwa sababu hiyo barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi, inayopita Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti, ikawa ndiyo mahali pekee pa kuendeshea kwa raha, nayo migongo ikabaki mahali pa kusukumia chombo kwa mkono, mzigo ukiwa umefungwa juu ya keria, kile kibao cha chuma cha nyuma ya kiti. Huko juu punda na kichwa cha mwanamke viliendelea kubeba ndizi na maziwa miaka mingi baada ya baiskeli kufika.

Barabara hiyo hiyo, zaidi ya hayo, ilipita katikati ya ardhi iliyonyang'anywa. Kuanzia zama za Wajerumani, walowezi, wakiwamo Makaburu waliohamia kutoka Afrika Kusini, walipewa mashamba yaliyouzingira mlima kwa chini kama mkanda, yakiwatenga wenyeji na malisho ya tambarare. Shida hiyo ndiyo iliyozaa kesi ya ardhi ya Wameru, pale walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 na Kirilo Japhet akaenda kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mchezo wa barabarani huhitaji watu wanaoiona barabara kuwa yao, wanaoweza kusimama kando yake na kushangilia. Kwa muda mrefu barabara ya Arusha–Moshi ilikuwa kwanza ya kahawa ya walowezi na ya watalii waliokuwa wakielekea kuwinda, kisha ndipo ikawa ya wakazi wake.

Kahawa yenyewe ilichangia kwa njia nyingine. Wameru na Waarusha walianza kuilima mapema, na fedha yake ikajenga shule, nyumba za mabati na makanisa, lakini mkulima wa kahawa ana shamba dogo la kudumu karibu na mlango wake, mavuno yake huyapeleka kwenye chama cha ushirika kilicho jirani, wala hana safari ndefu ya kumlazimisha kununua baiskeli. Hali ya Usukuma ilikuwa kinyume kabisa. Huko pamba ililimwa katika eneo pana na tambarare, nyumba zikiwa zimetawanyika, vituo vya kununulia vikiwa mbali, na vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vilihakikisha kwamba fedha inarudi kwa mkulima kila msimu. Msukuma aliyeuza pamba alinunua baiskeli na ng'ombe, akaifanya baiskeli kuwa chombo cha kubebea samaki, maji, wagonjwa na bibi harusi, hata baadaye sana, huko Shinyanga na Kahama, ikawa teksi inayoitwa daladala. Wanawake pia waliendesha. Katika jamii ya namna hiyo mashindano hayahitaji kuelezwa, kwa sababu kila mtazamaji anajua kwa magoti yake mwenyewe maana ya kuendesha kilomita 30 dhidi ya upepo.

Mfano wa Eritrea unaonyesha njia nyingine ambayo mchezo uliweza kushika mizizi Afrika Mashariki. Waitalia waliupeleka Asmara pamoja na baiskeli zao, wakawazuia Waeritrea kushindana nao, kisha mwaka 1939 wakawaruhusu katika mashindano yaliyokusudiwa kuthibitisha ubora wa wazungu, ambayo Ghebremariam Ghebru, Mweritrea, aliyashinda. Mbio za kuizunguka nchi zilianzishwa mwaka 1946, na kuanzia hapo mchezo ukawa mali ya wenyeji. Miaka mingi baadaye, tarehe 27 Machi 2022, Biniam Girmay, mzaliwa wa Asmara, alishinda Gent–Wevelgem ya Ubelgiji, mbio za siku moja zilizoanza mwaka 1934, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda mojawapo ya mbio hizo za heshima. Asmara iko juu ya mita 2,300. Hoja ya mwinuko, basi, haitoshi kueleza kwa nini mji mmoja wa milimani ulizaa waendeshaji na mwingine haukuzaa. Waingereza, tofauti na Waitalia, walileta Tanganyika baiskeli kama chombo cha kazi, na michezo waliyoitilia mkazo shuleni ilikuwa kandanda na riadha.

Riadha ndiyo iliyoichukua nafasi hiyo katika kanda ya kaskazini. Mkoa wa Arusha wa wakati huo, uliojumuisha Mbulu na Hanang kabla ya kuundwa kwa Mkoa wa Manyara mwaka 2002, ulitoa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 huku goti lake limefungwa bandeji. Ulitoa pia Filbert Bayi wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, na Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Wote walitumia mwinuko ule ule ambao mwendesha baiskeli angeutumia, na moyo ule ule, lakini mkimbiaji wa jeshi au wa shule alihitaji njia ya vumbi na ruhusa ya mkuu wake tu. Mwendesha baiskeli wa mashindano alihitaji fremu nyepesi, gia, spoku, tyubu za akiba na fundi wa kuvitunza, na vitu hivyo vilikuwa adimu hasa katika miaka ambayo vijana wa Arusha walikuwa wakitazama ushindi wa Bayi.

Uhaba huo unastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu mara nyingi huchukuliwa kuwa uvivu wa vyama vya michezo. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka mkazo katika kujitegemea, na katika miaka ya 1970 serikali ilianzisha Dar es Salaam kiwanda cha taifa cha baiskeli, NABICO, ambacho baiskeli zake zilikuwa imara, nzito na zilizokusudiwa kubeba gunia la mahindi. Arusha yenyewe ilipata kiwanda cha General Tyre, kilichoanza uzalishaji mwaka 1971, lakini matairi yake yalikuwa ya magari. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa tangu mwaka huo hadi mwishoni mwa mwaka 1983, kwa hiyo barabara ya Namanga, ambayo kwa asili ndiyo iliyowaunganisha waendeshaji wa Arusha na wenzao wa Nairobi, ikakatika katika miaka ambayo ushindani wa kikanda ungeweza kukua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni, na tyubu ya baiskeli ikawa bidhaa ya kutafutwa kwa kujuana. Mtu aliyeweka kiraka cha kumi kwenye tyubu yake hakuwa na nafasi ya kufikiria mashindano, na si haki kumlaumu.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, baiskeli za China na India zilijaa sokoni, na barabara za kuingia Arusha zikajaa wabeba mkaa, majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi iliyoelekea soko la Kilombero au gulio la Tengeru. Mji ukawa pia na ubunifu wake: kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanza kazi Arusha mwaka 2009, ilitengeneza mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli na kuendeshwa kwa pedeli, ikiendeleza kazi ya mafundi wa mitaani ambao kwa miaka mingi walikuwa wakigeuza vyuma chakavu kuwa vifaa. Hapo ndipo Arusha ilipojipatia jina katika habari za baiskeli, kwenye karakana kabla ya barabarani.

Mbio zenyewe ziliifikia Arusha kutoka kaskazini ya mbali. Mwezi Januari 2003 yalianza mashindano ya Tour d'Afrique, yaliyoandaliwa na kampuni ya Toronto, Kanada, kutoka Cairo hadi Cape Town, mwendo wa takriban kilomita 12,000. Kwa sheria zake ni mbio za hatua, lakini kwa mtu wa Arusha zilikuwa za siku moja kwa mwaka: siku ambayo kundi la wageni lilivuka mpaka wa Namanga asubuhi, likapita Longido, likapanda mwinuko mrefu wa Oldonyo Sambu, na kushuka Ngaramtoni hadi mjini likiwa limemaliza zaidi ya kilomita 100. Arusha, ambayo kwa muda mrefu imejivunia kuwa katikati ya safari ya Cairo na Cape Town, na iliyo kwenye Barabara Kuu ya Kaskazini iliyootwa tangu enzi za ukoloni, ikawa kituo cha kupumzikia. Waliotazama hawakujua majina ya washindani, wala hapakuwa na gazeti la kesho yake la kuwaambia nani ametangulia. Mbio zilipita bila kuacha habari, na kwa hiyo hazikuacha mbegu.

Mbegu iliyomea ilikuwa ya Kanda ya Ziwa, kule kule Usukuma. Katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampuni ya simu ya Vodacom ilidhamini mashindano ya kila mwaka ya baiskeli kati ya Mwanza na Shinyanga, ambapo wanaume walishindana kwa mwendo unaokaribia kilomita 200, wanawake kwa mwendo mfupi zaidi wa takriban kilomita 80, na watu wenye ulemavu kwa vyombo vyao vya magurudumu, huku mchezo ukisimamiwa na Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA. Kampuni ya simu ilikuwa imechukua nafasi iliyokuwa ya gazeti la Paris, ikiuza kadi za muda wa maongezi badala ya kurasa, na wateja wake walikuwa wale wale waliojipanga kandokando ya barabara. Waendesha baiskeli wa Arusha walisafiri kwenda huko kushindana, na kati yao wapo waliorudi na ushindi, wakithibitisha kwamba miguu iliyozoea miinuko ya Sakina na Kisongo haishindwi na tambarare. Ubaya wa udhamini wa namna hiyo unajulikana: mashindano huishi kwa bajeti ya idara ya matangazo, nayo idara hiyo ikibadili mawazo, mwaka unaofuata barabara hubaki na malori yake.

Tarehe 28 Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifikia kilele mjini Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio za wanaume za kilomita 267.5, ambazo ni waendeshaji 30 tu waliozimaliza kwa sababu ya milima na hewa ya mwinuko usiotofautiana sana na ule wa Arusha. Siku moja kabla, Magdeleine Vallieres wa Kanada alikuwa amewashinda wanawake. Rwanda ilikuwa imejiandaa kwa muda mrefu kupitia mbio za kuizunguka nchi, zilizoanza mwaka 1988, na kwa wiki hiyo shule za Kigali zilifungwa na barabara kuu zikaachiwa magurudumu mawili. Arusha ina uzoefu wa kufunga barabara kwa ajili ya misafara ya marais wanaohudhuria mikutano, lakini kwa muda mrefu kufunga barabara ya Moshi kwa nusu siku kungemaanisha kuwazuia watalii, malori ya Namanga na wagonjwa kwa pamoja, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Hali hiyo ilibadilika katika muongo wa 2010, ilipojengwa upya barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, pamoja na barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 inayopita kusini mwa jiji kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa mara ya kwanza tangu njia ya mikokoteni ilipochongwa kutoka Moshi, magari yanaweza kupitishwa upande mmoja wa jiji na mbio zikapita upande mwingine, na kinachosalia ni mtu mwenye kitu cha kuuza.